Maswali na Majibu ya Biashara: Wateja Hawajauacha Mfuko, Wameuacha Mchele

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu kutoka Nyanda za Juu Kusini zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: biashara ndogo itajengaje jina ambalo mteja atalitaja mwenyewe anapomwelekeza jirani yake. Nimechagua barua tano. Baadhi nimezifupisha, na majina ya waandishi sikuyataja, kama wengi wao walivyoomba.

SWALI: Shikamoo Mshauri. Mimi ni mama wa watoto watatu. Nanunua mpunga wa Kyela, naukoboa na kufungasha mchele katika mifuko ya kilo 5 na kilo 10, kisha nauza hapa Uyole na kwa wateja wachache wa Dar es Salaam ninaowatumia kwa basi. Mwaka wa kwanza mambo yalikwenda vizuri, lakini sasa wateja wanapungua. Mmoja aliniambia kuwa mchele wangu "umebadilika", na mwingine aliurudisha akisema kila akiupika unakuwa bokoboko. Kijana mmoja anayechora mabango amenishauri nibadilishe nembo, nichapishe mifuko mipya yenye rangi na niweke bango barabarani, kwa jumla ya shilingi 900,000. Je, nembo mpya itawarudisha wateja? Na nifanye nini ili mtu asiniibie jina?
Muuza mchele, Uyole

JIBU: Marahaba, mama. Shilingi 900,000 zako zisitoke kwanza. Wateja hawajauacha mfuko, wameuacha mchele. Ukiwapelekea mchele ule ule katika mfuko wa rangi, utakuwa umewasaidia kuukumbuka vizuri zaidi ili wasiununue tena.

Neno "umebadilika" alilokupa yule mteja wa kwanza lina thamani kuliko ushauri wa mchora mabango, nawe ungepaswa kumtafuta mteja huyo leo hii umuulize umebadilika nini: harufu, ladha, rangi, chenga au mchanga? Hukunieleza kama mpunga bado unaununua mwenyewe kwa mkulima, lakini nimeona safari za wafanyabiashara wengi wa mchele na nashuku yako imefanana nazo. Mtu huanza na magunia machache aliyoyachagua kwa macho na mikono yake. Mahitaji yanapoongezeka, anaanza kuchukua mzigo kwa dalali pale mashineni, na dalali humpa kilichopo. Kilichopo mara nyingi ni mchanganyiko. Mchele wa Kyela unajulikana kwa harufu yake, na kwa sababu hiyo jina lake hubandikwa hata kwenye mchele wa bonde la Usangu, ikiwamo SARO 5, mbegu ambayo wakulima wa Mbarali wanaipenda kwa kuwa inazaa vizuri. SARO si mchele mbaya, na mimi mwenyewe naula. Ubaya huanza pale mtu aliyelipia harufu ya Kyela anapofunua sufuria na harufu haimjii.

Sababu ya pili inaweza kuwa ndogo zaidi na kukugharimu vilevile. Mpunga wa maeneo yetu huvunwa kwa wingi katikati ya mwaka, na mchele uliotokana na mpunga mpya hutaka maji machache kuliko mchele uliokaa. Mpishi aliyezoea kipimo cha maji cha mwezi wa pili akikitumia mwezi wa saba atapata bokoboko hata kama mchele ni wa daraja la kwanza. Kosa si la mchele wala la mpishi, ila hakuna aliyemwambia. Kibandiko chenye maneno "Mchele mpya, punguza maji kidogo" hakifiki hata shilingi 50, na kinaokoa chakula cha jioni cha familia nzima, na chakula hicho ndicho watakachokuhukumu nacho.

Kwa hiyo, kabla ya kufungasha mzigo wowote, chukua kikombe kimoja cha mchele kutoka magunia mbalimbali ya mzigo huo, ukipike kwa kipimo kile kile cha maji unachokitumia siku zote, na uonje. Andika katika daftari tarehe, mahali mpunga ulikotoka, mashine iliyoukoboa na jinsi ulivyopikika. Upe mzigo huo namba, na namba hiyo uiandike kwenye kila mfuko pamoja na tarehe ya kukoboa. Mteja wa Dar es Salaam akikupigia kulalamika, utamwomba akusomee namba na utajua mara moja unazungumzia gunia gani, badala ya kuanza ubishi juu ya jambo ambalo hakuna kati yenu anayeweza kulithibitisha. Mzigo usiokuwa wa Kyela uuze kwa jina lake na kwa bei yake. Wako wateja watakaoupenda kwa unafuu.

Hebu tumtazame yule aliyerudisha mfuko, maana hujanieleza ulimjibu nini. Tuchukulie kwamba mteja wako wa kawaida hununua kilo 10 kwa mwezi na kila kilo inakuachia faida ya shilingi 250. Kwa mwaka atakuwa amenunua kilo 120, nawe utakuwa umepata kwake shilingi 30,000. Mfuko wa kilo 5 alioukataa, kama kila kilo ilikugharimu shilingi 2,600, una thamani ya shilingi 13,000, na mchele wenyewe unarudi mikononi mwako. Ukishindwa kabisa, kuku hawaulizi umetoka Kyela au wapi. Ukigombana naye kuokoa shilingi 13,000, unatupa shilingi 30,000 za kila mwaka, na hapo sijawahesabu dada zake na majirani. Mbadilishie bila kumhoji kama mshitakiwa. Kama dukani kwako umebandika lile tangazo la "mali ikishauzwa hairudishwi", libandue. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mnunuzi aliyeuziwa bidhaa yenye kasoro, na karatasi iliyobandikwa ukutani haimwondolei haki hiyo. Inachofanya ni kumwambia kila anayeingia kwamba unatarajia ugomvi.

Watu watakukumbusha kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli, lakini ni kweli ya sokoni, mahali ambapo mnunuzi huingiza mkono ndani ya gunia, huchota mchele, huutazama, huunusa na hata kuutafuna. Wewe umeufunga mfuko. Mteja hawezi kuingiza mkono wala pua, na kilichobaki cha kumsaidia kuamua ni jina ulilolichapa juu. Jina hilo linafanya kazi ya mkono na pua yake, na likimdanganya mara mbili hatalitumia tena.

Kuhusu kuibiwa jina, kuna mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Kusajili jina la biashara BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, ni kujitambulisha kwamba wewe ndiye unayefanya biashara kwa jina hilo. Kumzuia mwingine asiuze mchele katika mfuko wenye jina au nembo inayofanana na yako kunahitaji usajili wa alama ya biashara, ambao pia hufanyika BRELA, chini ya sheria ya mwaka 1986. Usajili huo hudumu miaka 7 ya mwanzo, kisha huhuishwa kwa vipindi vya miaka 10, na unahusu Tanzania Bara, kwa kuwa Zanzibar ina utaratibu wake. Usitarajie neno "Kyela" kuwa lako peke yako, kwa sababu ni jina la mahali na kila mkulima wa huko ana haki ya kulitaja. Tafuta neno lako mwenyewe. Kwa kuwa unafungasha chakula, anzia SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, hapo Mbeya upate barua ya utambulisho ya kukupeleka TBS, Shirika la Viwango. Mzani wako nao uhakikiwe na Wakala wa Vipimo, maana kilo 5 zenye upungufu wa gramu 200 ni kasoro ambayo nembo haiwezi kuifunika. Ukishakuwa na miezi sita ya daftari lisilo na malalamiko, mwite yule kijana wa mabango.

SWALI: Mheshimiwa Mshauri, nina nyumba ya wageni yenye vyumba 14 Makambako, karibu na barabara kuu. Mimi naishi Dar es Salaam na hufika mara moja kwa mwezi. Malalamiko ni yale yale: wahudumu wana lugha mbaya. Nimeshafukuza wawili wa mapokezi, na waliochukua nafasi zao wamekuwa hivyo hivyo. Sasa nafikiria kuwaondoa wote na kuwapeleka wapya kwenye mafunzo ya kumchangamkia mgeni. Unanishauri nini?
Mwenye nyumba ya wageni

JIBU: Ndugu yangu, watu wanne wakikaa kwenye kiti kimoja na wote wakainuka wanachechemea, ni busara kukikagua kiti.

Fikiria saa tano za usiku katika mwezi wa saba. Makambako kuna baridi inayoingia hadi kwenye mifupa, na tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023 wageni wanaweza kushuka saa yoyote. Mgeni anaingia chumbani, anafungua bomba, maji ni barafu. Anarudi mapokezi. Aliyepo pale ni binti aliyeamka saa kumi na moja alfajiri, ambaye hana ufunguo wa stoo ya blanketi, hana ruhusa ya kumhamisha mgeni wala kumpunguzia bei, hana fedha ya kununua mtungi wa gesi, na akikupigia wewe simu umelala. Amebakiwa na ulimi tu, na ulimi wa mtu aliyefungwa mikono huwa mkali. Hiyo lugha mbaya unayoielezwa naiona kama sauti ya mtu anayetetea kosa lisilokuwa lake.

Niliwahi kulala katika nyumba mbili za wageni katika safari moja ya ukanda huu. Katika ya kwanza niliuliza kuhusu maji ya moto kabla ya kulipa, nikajibiwa kwa tabasamu zuri kwamba yapo muda wote. Hayakuwapo, na asubuhi lile tabasamu ndilo lililoniudhi kuliko maji. Katika ya pili, Mafinga, mama wa mapokezi aliniambia kabla sijatoa fedha, "Baba, hita ya upande huu imeharibika tangu jana. Nikikuchemshia ndoo moja sasa na nyingine saa kumi na moja asubuhi, itakufaa?" Ilinifaa. Tangu siku hiyo nimelala pale kila nipitapo, na nimewaelekeza hapo watu ambao idadi yao siikumbuki. Nyumba zote mbili zilikuwa na hita mbovu.

Kwa hiyo nakuomba ubadilishe mambo kadhaa kabla ya kubadilisha watu. Mpe mhudumu wa zamu kiasi cha fedha, tuseme shilingi 20,000 kwa usiku, anachoweza kukitumia bila kukuuliza ili kumaliza shida ya mgeni, mradi aandike ametumia kwa nini. Ufunguo wa stoo ya blanketi ukae mapokezi. Zamu ya usiku iwe na mtu aliyelala mchana. Mishahara itoke tarehe ile ile kila mwezi. Sijawahi kuona mtu anayedai mshahara wa miezi miwili akimkaribisha mgeni kwa moyo. Kisha soma kile kitabu cha matumizi ya shilingi 20,000 kila unapofika, kwa sababu kitakuonyesha nyumba yako kama wageni wanavyoiona. Ukikuta gesi imenunuliwa usiku mara tisa kwa mwezi, tatizo lako ni mtungi wa akiba, na mafunzo ya uchangamfu hayauzi gesi.

Usidharau pia mgeni wa usiku mmoja kwa kudhani kwamba hatarudi. Hapo Makambako barabara ya Songea inaachana na ile ya Mbeya, na reli ya TAZARA inakutana na barabara kuu. Dereva wa lori la Tunduma na mfanyabiashara wa parachichi wa Njombe hupita hapo mara nyingi kuliko wewe mwenyewe unavyofika. Kuhusu kufukuza wote kwa pamoja, sheria ya ajira ya mwaka 2004 inataka sababu ya haki na utaratibu wa haki, na mfanyakazi aliyeondolewa kienyeji anaweza kukupeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Huko utahitaji maelezo mazuri kuliko "wana lugha mbaya".

SWALI: Nina duka la pembejeo Vwawa, mkoani Songwe. Wakulima huniachia namba za simu wanaponunua, nami huwatumia ujumbe wa matangazo karibu kila siku ili wasinisahau. Siku hizi baadhi wameizuia namba yangu. Kuna mwenzangu pia ameomba nimuuzie orodha hiyo. Je, ninavunja sheria?
Muuza pembejeo

JIBU: Orodha usiiuze. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakutaka umweleze mtu kwa nini unachukua taarifa yake na uitumie kwa kusudi hilo tu, na inayo Tume ambayo wanaokusanya taarifa za watu wanapaswa kujisajili kwake. Mkulima alikupa namba ili umjulishe mbolea ikifika, hakukupa ili umfanyie biashara. Ulizia Tume hiyo utaratibu unaokuhusu, kisha mwombe kila mteja ridhaa kwa maneno ya wazi.

Kisheria ni hivyo, lakini hata kama sheria isingekuwapo ningekushauri upunguze. Mkulima wa Songwe anahitaji kusikia kutoka kwako mara chache kwa mwaka, na mara hizo anazisubiri: mbegu zinapoingia kabla ya mvua za Novemba, mbolea ya kukuzia inapopatikana, na pale viwavijeshi vamizi wanapoonekana kwenye mahindi ya jirani. Ujumbe wa namna hiyo hausomwi na mtu mmoja tu, bali hupelekwa kwa kijiji kizima. Na mteja anapokuwa dukani, mwonyeshe lebo ya TOSCI, taasisi ya kuthibiti ubora wa mbegu, kwenye mfuko wa mbegu na uihakiki mbele yake kabla hajalipa. Itakuchukua dakika mbili, na mtu aliyewahi kupanda mbegu feki hatakusahau kwa dakika hizo.

SWALI: Habari za kazi, Mshauri. Mimi ni fundi wa nguo hapa Miyomboni, Iringa. Mshono wangu unasifiwa na kila mtu, lakini nyuma ya mgongo wangu wananiita "Fundi Kesho". Kuna mwenzangu mtaa wa pili ambaye mshono wake ni wa kawaida tu, na bado amejaza wateja. Inaniuma. Nitajenga vipi jina zuri?
Fundi cherehani, Iringa

JIBU: Kijana wangu, jina unalo tayari, tena limeenea mjini bila bango wala tangazo la redio. Shida ni kwamba waliokuchagulia ni wateja.

Nakuelewa, kwa sababu najua jinsi "kesho" inavyozaliwa. Mteja anaingia na kitenge chake, nawe una kazi kumi na nne zinazosubiri, lakini unaogopa kwamba ukimwambia ukweli atavuka barabara aende kwa yule mwenzako. Unapokea advansi, unakikata kitambaa mara moja ili asiweze kukihamisha, kisha unampa siku yoyote iliyokujia mdomoni. Usinikatalie, nimeshavaa nguo za mafundi wengi. Yule mwenzako wa mtaa wa pili huenda hashoni vizuri kuliko wewe, ila mteja wake akiambiwa Alhamisi anapanga maisha yake kwa kuifuata Alhamisi hiyo. Gauni la harusi ya Jumamosi likikamilika Jumapili, usihesabu kwamba umechelewa siku moja. Limepoteza kazi yake yote, hata kama pindo lake limenyooka namna gani.

Kwa wiki tatu zijazo, andika kila nguo unayoikamilisha na siku uliyoikamilisha. Hutazipenda namba hizo. Ukigundua kwamba unakamilisha nguo 9 kwa wiki, basi pokea 7, na zile nafasi 2 ziache kwa ajili ya umeme kukatika, cherehani kuharibika, msiba, na mteja anayerudi kurekebishiwa kiuno. Chora ukurasa mmoja wa daftari kwa kila wiki wenye mistari 7, uuweke mezani mahali mteja anapouona. Mistari ikijaa, mwonyeshe, na umwambie kwamba nafasi iliyopo ni ya wiki inayofuata. Wachache watakwenda kwingine, na hao waache waende. Wengi watakaa, kwa kuwa mtu akiona kwa macho yake kwamba wiki imejaa, anakuamini kuliko fundi anayesema ndiyo kwa kila mtu. Desemba na Januari sherehe na sare za shule zinapokutana, funga daftari mapema au tafuta msaidizi, lakini usiongeze mistari.

Siku ya ahadi iwe siku ya kujaribisha, siku tatu kabla ya shughuli yenyewe. Mambo yakiharibika, na yataharibika, mpigie mteja kabla hajapanda daladala kuja kwako. Kinachomkera hasa ni kutoka Ipogolo hadi Miyomboni, kulipa nauli ya kwenda na kurudi, na kukuta kitambaa chake kimelala pale pale kilipokuwa juzi. Vipimo vyake vitunze daftarini. Mteja akikuta bado unavyo vya mwaka jana hujisikia mtu wa nyumbani, ingawa busara inataka umpime upya kimyakimya na usiseme lolote kuhusu tofauti.

Ukipata nafasi, nenda ukanywe chai Neema Crafts hapo Iringa mjini, mradi wa Kanisa Anglikana unaowaajiri watu wenye ulemavu tangu mwaka 2003. Wahudumu wa mgahawa wake ni viziwi, na mgeni huagiza kwa maandishi na ishara. Ungedhani kwamba hapo ndipo maagizo yangepotea kuliko kwingine kokote. Lakini mgeni anaelekezwa tangu mwanzo jinsi mambo yanavyokwenda, anajua afanye nini, na hakuna anayekaa akijiuliza kama amesahaulika. Keti hapo nusu saa, kisha jiulize mteja wako anajua nini kuhusu gauni lake kati ya siku anapokuachia kitambaa na siku anapolichukua.

SWALI: Nauza viazi kando ya barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu, pale Isyonje. Wenzangu wote wanapanga ndoo vikubwa juu, vidogo chini. Nikiacha kufanya hivyo si nitapata hasara peke yangu?
Muuza viazi

JIBU: Dada yangu, mtu anayepita hapo akaenda kuimwaga ndoo jikoni kwake Mbeya mjini hakumbuki ni nani kati yenu aliyemuuzia, anachosema ni kwamba viazi vya Isyonje ni vya wizi. Kwa hiyo mnaharibu jina moja kwa pamoja, nawe unaweza kujitoa humo kwa gharama ndogo. Panga ndoo za aina mbili, vikubwa peke yake na vidogo peke yake, kila aina na bei yake, na mnunuzi akisimama mmwagie ndoo yake juu ya turubai aone mpaka chini kabla ya kumtilia kwenye gunia. Vidogo usivionee aibu, kwa kuwa mama lishe wanavitafuta vya kuchemsha na maganda. Wanaokutaka uwafungie lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, wakatalie, kwani sheria ya vipimo inaikataza na gunia lisizidi kilo 100. Vaa kitenge cha rangi moja kila siku, au funga kitambaa chekundu kwenye kibanda chako, ili mtu aliyeridhika akirudi mwezi ujao ajue asimamishe gari wapi.